Fundi Rangi na Moshi wa Shemeji Yake

Watu wa mtaa ule hawakuwa wakimsalimia tena Fundi Rangi, na walitaka ajue kwamba hawamsalimii. Hawakupita kimya kama mtu mwenye haraka zake. Walisimama, wakamtazama akija na ubao kichwani na mkoba wa makopo begani, wakangoja afike karibu, ndipo wakageuza shingo kwa pamoja. Muuza viatu vya mitumba peke yake ndiye aliyefungua kinywa, na afadhali naye angegeuza shingo.

"Leo unakwenda kumchongea nani, Fundi?"

Fundi Rangi akaongeza mwendo. Tangu utotoni alikuwa mtu wa haya. Ukimwuliza njia, atakuonyesha kwa kidevu. Kwa mtu wa namna hiyo kazi ya kuandika mabango ilikuwa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, maana bango husema na watu mchana kutwa, na fundi wake akakaa zake kimya. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa gereji, chumba cha mabati ambacho huwezi kujua kuta zake zilikuwa na rangi gani mwanzoni, kwa vile kila brashi iliyofutwa ilifutwa hapo. Nusu ya maduka ya mji ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake. Hata ukuta wa nyuma wa soko ulikuwa wake, uliosema USIKOJOE HAPA kwa herufi nzuri kiasi kwamba watu walikojoa huku wakizisifu.

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali aliyekuwa na rula ya chuma ambayo hakuitumia kupimia tu. Sheria ya mjomba ilikuwa moja. Unaanza kushoto. Herufi unaimaliza kabisa ndipo unahamia nyingine, na mkono ukishapita mahali haurudi nyuma, kwa sababu rangi ya mafuta haikauki upesi, na kiwiko kinachorudi hufuta kilichokwisha kuandikwa. Ukirudi, rula ya vidole. Mjomba alishakufa zamani, lakini vidole vya Fundi Rangi vilikuwa bado vinamwogopa.

Msituni alifikishwa na bango. Chama cha Msitu, chenye ofisi nyuma ya duka la dawa, kilimtaka aandike onyo la kuwakataza watu kukata miti, kisha akalisimike mwenyewe juu ya kilima, mahali ambapo unauona msitu wote umelala chini yako hadi kwenye maporomoko. Alichimba shimo, akamwaga zege, akaegemeza magongo, akakaa kusubiri zege lishike. Alikuwa na kipande cha plaiwudi na rangi zilizobaki chini ya makopo. Kwa kukosa la kufanya, akauchora msitu.

Aliuchora kama anavyoandika bango, toka ukingo wa kushoto, kila kipande akikimaliza ndipo anasogea. Kijani alichokuwa nacho kilikuwa kile cha bango la duka la dawa, kikali cha kuumiza macho, na kule chini kulikuwa na kijani cha kila namna, hakuna hata kimoja cha duka la dawa. Akatia tone la nyekundu, kijani kikatulia. Akatia la njano kwa miti iliyopigwa na jua, akatia nyeusi kidogo kwa ajili ya korongo. Alipoinua macho, zege lilikuwa limeshashika zamani, na hakuna mtu aliyekuwa amemsemesha tangu asubuhi. Alijiona tajiri.

Mwenyekiti wa Chama, ambaye ndiye mwenye duka la dawa, aliitundika ile picha dukani kwake. Mpita njia mmoja akainunua pamoja na dawa ya kikohozi. Akaja mwingine akauliza kama ipo nyingine. Basi ikawa hivyo: Fundi Rangi anachora kilimani, Chama kinauza, na kinachopatikana kinawalipa askari wa msitu. Kabla ya picha askari walikuwa wawili, wenye ndala, na mmoja wao mlevi. Baada ya picha walikuwa kikosi chenye viatu, na mkuu wao akabandikwa jina la Buti. Bomba la mtaani, ambalo kila kiangazi lilikuwa likikohoa tu, likaanza kutoa maji hadi jioni, kwa kuwa chemchemi yake imo humo msituni. Watu walichota. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mkewe Fundi Rangi, ambaye wote walimwita Mama Pacha, aliuza mkaa mlangoni mwa nyumba, kopo kwa kopo. Mkaa aliletewa na mdogo wake wa kiume, Masizi. Na Masizi aliuchoma humo humo msituni. Nyumba moja ikawa inakula kwa mkaa na kuwavisha viatu wanaoufukuza. Kwa muda hilo halikumkera mtu. Msitu ulikuwa mkubwa, askari hawafiki kila mahali, na Masizi alijua njia ambazo hata nyani walizisahau. Yeye mwenyewe alilifanya mzaha.

"Shemeji," alikuwa akisema huku akishusha magunia, "nichoree mti mmoja mnene pale karibu na barabara, nije niukate nisihangaike."

Mzaha uliisha siku ya moshi.

Siku hiyo mkono wa Fundi Rangi ulikuwa umefika katikati ya ubao, penye mawe mawili makubwa yaliyokaa kama magego. Ukatoka moshi kati ya mawe yale, mwembamba, wa buluu. Fundi Rangi alijua ni moshi wa nini. Ni wa nani, hakujua, au tuseme hakujiuliza. Alikaa na brashi hewani. Akatazama namna buluu ile inavyopita mbele ya kijani kizito na kukifanya kirudi mbali, akawaza: nyeupe, buluu kidogo, kahawia chembe. Mkono umefika, moshi upo. Akaupaka. Kisha akahamia kulia.

Picha ikatundikwa kwenye ukumbi wa Chama pamoja na nyingine. Buti alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, hata watu wakadhani ameanza kupenda sanaa. Asubuhi yake askari walikwenda hadi kwenye mawe mawili bila kuuliza njia. Wakamkuta Masizi ameketi juu ya gunia, anakunywa chai. Wakavunja tanuri, wakachukua baiskeli, wakamchukua na yeye.

Mama Pacha alimngojea mumewe jikoni, amesimama.

"Baba Pacha, mdogo wangu yuko ndani."

"Nimesikia."

"Umesikia. Sisi wengine ndio tumesikia. Wewe umechora."

"Sikumchora yeye. Nilichora moshi."

"Na moshi ulitoka wapi? Puani mwa nyani?"

Fundi Rangi akatazama vidole vyake. Kwa mtu asiye na maneno, aliyasema mengi siku hiyo, na baadaye alitamani angeyameza. "Mkono ulikuwa umefika pale, Mama Pacha, na moshi ulikuwepo. Ungetoka mahali nilipokwisha kupita, nisingeupaka. Mkono ukipita haurudi nyuma. Ndiyo sheria ya kazi."

"Sheria ya kazi." Mama Pacha alilirudia neno lile kama mtu anayeonja mchuzi uliochacha. "Na chakula ulichokula asubuhi kimepikwa kwa mkaa wa nani?"

Fundi Rangi akakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha.

"Kikulacho ki nguoni mwako, nimelisikia tangu mdogo. Sikujua kama nguo yenyewe nitakuwa naifua mimi." Akachukua ufagio, kisha akaurudisha pale pale. "Sasa sikiliza, nasema mara moja. Siku utakayoutia tena moshi wa ndugu yangu kwenye ubao wako, hapa usirudi. Watoto wameshakuwa wakubwa wako kwao, wakiniuliza nitawaambia baba yenu amehamia kwa wenzake msituni."

Kuanzia hapo chakula alikikuta juu ya ndoo iliyofunikwa, kimeshapoa, na mkewe amegeukia ukuta. Mtaani nako habari ilikuwa imewasha moto. Hakukuwa na nyumba isiyopikia mkaa wa Masizi, na bei ilipopanda kila mwanamke aliyeinua kopo alimtaja Fundi Rangi. Mtu mmoja ambaye mkono wake haukujulikana aliandika MSALITI kwenye mlango wa kibanda. Kilichomuuma zaidi Fundi Rangi ni kwamba herufi zilikuwa zimekaa kombo.

Alidhani Chama kitamfariji. Walimwita ofisini, Mwenyekiti akakaa nyuma ya meza na Buti akasimama dirishani.

"Picha ile imefanya kazi ya kikosi kizima," Mwenyekiti alisema. "Tunataka nyingine."

"Na mawe uyatie sawasawa," Buti akadakia. "Jiwe likikaa vibaya, tunapotea."

"Mimi si askari, mzee."

"Nani amesema wewe ni askari? Wewe kaa na brashi yako. Macho yawe yako, miguu iwe yetu."

Fundi Rangi akakohoa. "Na nikiuona moshi, nisiuchore?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, bila haraka. "Basi tutajua unakula sahani moja na wachoma mkaa. Mtu wa namna hiyo kilimani hapandi. Nitaliambia hata lile bango lako limkataze."

Buti akacheka. Fundi Rangi akatoka bila kupewa mkono.

Alitembea akipiga hesabu yake ndogo. Akiupaka moshi, nyumba imekwenda. Asipoupaka, kilima kimekwenda, na pamoja na kilima ule ukimya wa tangu asubuhi ambao haukupatikana mahali pengine popote duniani. Akaamua kuomba Mungu moshi usitoke.

Masizi alitolewa baada ya majuma kadhaa, amekonda, na baiskeli hakurudishiwa. Siku ya pili tu alipanda kilimani. Fundi Rangi alimwona akija, akashika brashi kama mtu anayeshika fimbo.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo. Umekuja kunipiga?"

"Nikupige wewe? Mkono wangu una kazi nyingine." Masizi akakaa juu ya jiwe nyuma yake, akang'oa jani akaanza kulitafuna. "Nimekuja kujifunza sanaa."

Fundi Rangi akachora. Jambo la ajabu ni kwamba Masizi hakuutazama msitu hata mara moja. Alitazama ubao. Mkono ulipopita mkuyu mkubwa wa upande wa kushoto na kuuacha nyuma kiasi cha shubiri, Masizi akatia vidole viwili kinywani akapiga mluzi. Huko chini mluzi mwingine ukaitikia. Haukupita muda, nyuma ya mkuyu, pale ambapo picha ilikuwa imeshamalizika, moshi ukaanza kupanda.

"Dada amenieleza sheria ya kazi," Masizi alisema. "Sheria nzuri sana. Laiti na polisi wangekuwa nayo."

"Masizi."

"Wewe endelea na upande wako, sisi upande wetu. Tunakufuata nyuma kama kuku anavyofuata jembe."

Naye Fundi Rangi akaendelea, Mungu amsamehe. Vidole havikurudi. Alijiambia ndiyo salama yenyewe: hakuna aliyevunjiwa nyumba, hakuna aliyenyimwa kilima. Kila alipopanda, Masizi alikuwa jiweni na mluzi wake, na picha zilishuka kilimani safi kama mwongo aliyetoka kuoga. Sokoni walianza kuulizana, "Mkono umefika wapi?" na wanaume wazima wakacheka hadi wakashika mbavu. Mkaa ukajaa tena mlangoni kwa Mama Pacha. Buti alizitazama picha, akanusa hewa, akazitazama tena. Pua ilimwambia hivi, ubao ukamwambia vile, naye aliuamini ubao.

Ila bomba halikuwa na ubao wa kuamini. Lilianza kukohoa asubuhi.

Siku iliyobadilisha mambo, Fundi Rangi alikuwa amekwisha kumaliza nusu ya picha. Kushoto kabisa alikuwa ameichora miti mirefu inayofunika chemchemi, miti ambayo hata Masizi alikuwa hajaigusa, na kwa kijani chake kile cha giza alikuwa amefanya kazi hata jasho likamwingia machoni. Masizi akapiga mluzi. Fundi Rangi akageuka kutazama, kwa mazoea tu. Moshi ulikuwa ukitoka pale pale, kwenye miti ya chemchemi, mnene, mweupe, wa tanuri lililowashwa sasa hivi.

Akaweka brashi chini. Akafungua kopo la nyeupe.

Masizi aliacha kutafuna. "Shemeji. Huko umeshapita."

"Nimepita."

"Basi imekwisha. Mkono haurudi nyuma, umesema mwenyewe kwa kinywa chako."

"Nilisema." Fundi Rangi akamimina nyeupe kwenye kifuniko, akadondosha buluu. Vidole vyake vilijikunja kama vinavyongoja rula ya mjomba, naye akavikunjua kwa hasira, kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Unakumbuka maneno ya dada?"

"Ninayakumbuka."

"Utalala wapi?"

"Kibandani."

"Na panya."

"Panya hawapigi mluzi."

Masizi akasimama. Alikuwa mrefu kuliko shemeji yake kwa kichwa kizima. Mguu wake ungeweza kuufikia ubao, na wote wawili waliliona hilo. "Nikiupiga teke huu?"

"Nina mbao nyingi," Fundi Rangi alisema. Akaanza kukoroga. "Masizi, sikiliza, mimi sijui kusema. Rangi hii haitaki haraka. Inataka buluu kidogo na kahawia kidogo, na inataka kukorogwa vizuri. Mimi naikoroga. Ikiwa tayari nitainua macho, na kitakachokuwa pale kwenye chemchemi ndicho nitakachokipaka. Kama ni moshi, ni moshi. Kama ni miti, ni miti."

Masizi alimkazia macho. Alizoea kuona macho ya shemeji yake yakianguka chini kama maembe mabivu, akangoja yaanguke. Yalibaki pale pale, mekundu, yakipepesa kwa ule moshi au kwa woga, lakini yalibaki. Masizi akatema mate karibu kabisa na mguu wa kiegemezo cha ubao.

"Dada yangu alikosa mume, akaokota kinyonga," alisema. Kisha akatimua mbio kuteremka mteremko, akiruka mawe, na sauti yake ikawafikia wenzake kabla ya miguu, ikiwatukana mama zao na kuwaambia wafukie tanuri, wafukie sasa hivi.

Fundi Rangi alikoroga. Rangi ilikuwa tayari zamani. Mwanafunzi wa siku moja angeiona. Aliendelea kukoroga hadi kifundo cha mkono kikauma. Moshi ukazidi kwanza, kama kawaida ya moto unaosongwa, ukawa wa manjano, ukakatika, ukatoka tena kidogo pembeni. Halafu haukutoka tena. Miti ikabaki miti. Akaiangalia, akaangalia ubao, akatumbukiza brashi kwenye tepentaini ya kusafishia, na ile rangi ya moshi akaimwaga kwenye majani.

Usidhani alipendwa kwa hilo. Buti alipopata habari alikuja hadi kibandani, akajaza mlango.

"Umewatimua, badala ya kutuitia."

"Mmepata msitu usio na moshi, mzee."

"Tulitaka watu."

"Mimi nilitaka msitu."

Tangu siku hiyo Buti naye akawa miongoni mwa wanaogeuza shingo. Kumfukuza kilimani hawakumfukuza, kwa kuwa viatu vyao vilitoka kwenye brashi yake, ila akienda ofisini hapewi kiti. Na picha zenyewe ziliharibika kidogo. Aliacha kuanzia kushoto. Sasa anaanza popote, katikati, juu, kona ya chini, anarudi, anafuta, anakwangua, na kiwiko chake kinaacha baka hapa na baka pale. Mwenyekiti anamwambia wateja wanalalamika. Yeye anasema atajitahidi, na hajitahidi. Mluzi hauna kazi tena. Hakuna anayeweza kuutazama ubao wake akajua mkono umemaliza wapi. Akiwa kilimani, hakuna anayewasha. Asipokuwepo wanawasha, naye anajua, ndiyo maana hupanda hata siku za mvua, akajifunika nailoni na kuchora maji.

Bomba linakohoa siku nyingine, siku nyingine halikohoi. Muuza viatu amebuni matusi mapya, mengine mazuri.

Kulala kibandani hakulala. Jioni ya siku ile ya chemchemi alirudi nyumbani akiwa amekwisha kufikiri aweke wapi godoro. Mama Pacha alikuwa jikoni, na kwa namna alivyokuwa akikata vitunguu ilionekana mdogo wake ameshapita hapo.

"Umemkimbiza ndugu yangu kama mbuzi."

"Sikuupaka."

"Najua hukuupaka. Ungeupaka ungekuta mlango umefungwa." Akakata kitunguu kingine. "Ana miba miguu yote. Anasema atakuua."

"Atakuja lini?"

"Usinifanyie mzaha, Baba Pacha. Mzaha huujui."

Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mgeni ambaye hajaambiwa akaribie. Chakula kilikuwa juu ya ndoo, kimepoa. Akala. Mkewe alimaliza vitunguu, akaosha kisu, akakifuta, akasimama nacho mkononi akitazama ukuta, na alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ngumu kama ile ya asubuhi na ya jana.

"Kesho unakwenda kuchora upande gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza habari za kazi. Fundi Rangi aliacha kutafuna. "Upande wa maporomoko. Kutwa nzima."

"Na keshokutwa?"

"Chemchemini."

Mama Pacha akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Akaweka kisu, akajifunga mtandio, akatoka kwenda kwa mdogo wake na majibu hayo, bila kuaga.